Ubeti wa Pili Una Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu karudi na wimbo kichwani. Hakuvua hata viatu. Kaenda moja kwa moja kwenye kinanda, kakaa na koti lake, kapiga mara tatu, ndipo akakumbuka kusalimia. Nimeshazoea. Ukiolewa na mwalimu wa kwaya, salamu huja baada ya noti.

Wimbo wenyewe ni wa maktaba. Maktaba ya mji inatimiza miaka hamsini, sherehe ni Jumamosi ya tarehe 23, na kwaya yake imeombwa wimbo mpya, si ule wa kila mwaka. Sauti tayari anayo. Maneno hakuna. Kamati imesema maneno yaandikwe na "mwandishi wetu," yaani mimi. Nikajifanya nafikiria. Nikakuna kichwa kidogo, heshima ya kazi. Ndipo akasema, macho kwenye vidole vyake: "Ile sehemu ya mtu mmoja nimempa shemeji."

Shemeji yake ni dada yangu. Nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo.

Dada hajanisemesha miaka miwili na miezi minne. Humu hasomi mtu, kwa hiyo niandike ilivyo: kosa ni langu. Mumewe alipoondoka, dada aliendelea kumwekea chakula kila jioni, mwaka mzima. Sahani, juu yake sahani nyingine, na juu yake kikombe ili paka asifunue. Aliniambia mimi peke yangu, siku moja tukikunja nguo. Na mimi nikaitia habari hiyo kwenye riwaya. Nilibadilisha kila kitu — yule mwanamke nikamfanya mrefu, wa mkono wa kushoto, mpishi wa hoteli. Kikombe nikakiacha. Kilikuwa kizuri mno, roho haikunipa kukitoa. Ukurasa wa 112. Siku ya uzinduzi nikausoma ukurasa huo kwa sauti, nimesimama, nimevaa gauni jipya. Dada alikuwa kiti cha mstari wa pili. Chai ilipoletwa, kiti kilikuwa kitupu.

Watu walikisifu kile kikombe kuliko kitabu kizima. Kazini kwake wakatambua ni yeye, wakamuuliza kama paka alishiba.

Jumanne, 5 Machi

Nimesimama stesheni dakika tano zaidi ya haja. Dada ndiye mtangazaji wa pale. Kwa hiyo si kweli kwamba hanisemeshi kabisa — kila asubuhi, saa moja kasorobo, ananiambia nisisimame karibu na reli. Mimi na abiria wengine mia nne.

Maneno anayosoma yameandikwa na wakubwa wa reli. Treni, jukwaa, saa, tunaomba radhi kwa kuchelewa. Hamna hata neno moja la kwake. Lakini nikisikia tu "jukwaa namba mbili," najua amelalaje. Leo amelala vizuri. Ana mafua kidogo.

Kazini: kitabu cha afya, darasa la nne, sura ya kunawa mikono. Nimefuta "vizuri" kumi na tatu. Mwandishi wake anaamini mtoto asipoambiwa "vizuri" atanawa vibaya makusudi.

Wimbo: sijaandika kitu. Nimechonga penseli nne.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimekwenda kuwasikiliza mazoezini, bwalo la chuo cha ufundi, benchi la nyuma kabisa chini ya makoti. Dada aliniona. Akahamisha macho taratibu, kama mtu anayehamisha kiti.

Sasa, mume wangu akitunga huweka maneno ya kushikia nafasi, ili waimbaji wapate pa kuning'iniza sauti huku maneno yenyewe yakisubiriwa. Hushika chochote kilicho karibu. Safari hii kashika karatasi ya manunuzi iliyokuwa mlangoni pa jokofu. Mwandiko wangu! Kwa hiyo watu thelathini na wawili wamesimama, vifua mbele, wanaimba: sabuni, kitunguu, kiberiti, chumvi, na betri za redio.

Nilijiandaa kucheka. Sikucheka. Yule wa besi, fundi bomba, pande la mtu, alikuwa anajifuta macho kwa kiganja. Baadaye nikamuuliza, kulikoni? Akasema hata yeye hajui, ila pale kwenye sabuni panamuuma. Kisha dada akapanda peke yake, juu kabisa, kwenye "kitunguu." Kitunguu! Na mimi nimeandika kurasa mia tatu na arobaini nikitafuta kumliza mtu.

Nyumbani nikanuna. Nikamwambia mume wangu basi waachieni sabuni yao, maneno ya nini? Alikuwa anamenya machungwa. Akasema sabuni inawaliza leo, lakini kesho watataka kujua walikuwa wanalilia nini. Hapo ndipo mnapoingia nyinyi wa vitabu, akasema. Akanipa nusu ya chungwa.

Kwa kawaida kwenye ubishi wetu huu hanishindi. Leo kanishinda.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika. Naunakili mstari wa kwanza hapa ili niaibike vizuri: "Ewe ghala la hekima, ewe taa ya mataifa."

Mume wangu kausoma na uso wa mtu aliyetafuna mchanga kwenye chakula cha wenyeji wake. Akasema una maneno mengi. Nikamwambia wimbo ni maneno. Akasema hapana, wimbo ni pumzi, maneno ni wageni, na hawa wamekuja na mizigo.

Nikaufuta wote. Nikaanza na mtu mmoja anayefungua kitabu asubuhi, vumbi linampiga puani. Bora. Sasa kuna mtu humo.

Jumapili, 10 Machi

Ujumbe! Kutoka kwa dada! Umepitia kwa mume wangu, naye kanipa neno kwa neno kwa sababu nimemlazimisha aurudie mara nne: "Mwambie mtunzi, pale juu asinipe i. I inanikaba koo. Anipe a."

Maneno kumi na moja, ukihesabu zile i mbili na ile a. "Mtunzi" ndiye mimi. Miaka miwili na miezi minne, na neno la kwanza ni cheo. Sijali. Ningeitwa hata bomba la maji ningeitika.

Nimempa a mwishoni mwa neno la juu. Nimempa a kila mahali, mpaka mume wangu akaja kuuliza kama ninaumwa jino. Jioni ujumbe wa pili: mstari wa tatu hauna pa kupumulia, au mtunzi anataka nife? Nimecheka peke yangu jikoni. Huyo sasa ndiye dada. Mwenye kuuliza kama namtakia kifo ni yuleyule aliyekuwa akiniuliza hivyo nikichelewa kutoka bafuni.

Nimeweka pumzi. Ubeti wa kwanza umekubalika.

Jumatatu, 11 Machi

Wazo limenijia saa ya chakula cha mchana. Nimeliandika nyuma ya picha ya mtoto anayesugua kucha.

Ubeti wa kwanza unavishukuru vitabu. Wa tatu utawashukuru wasomaji. Na wa pili? Wa pili uwe wa wale walioingia vitabuni bila kuulizwa. Majirani, shangazi, dada. Kila maktaba imejaa watu wa namna hiyo na hakuna aliyewahi kuwaimbia. Hivi ndivyo ulivyotoka, karibu bila kufuta:

Niliingia kwako bila hodi,
nikatoka na ulichoficha,
nikakiweka rafuni, wakakishika wote.
Nisamehe, nisamehe,
wewe uliyemo na hukuulizwa.

Nimeusoma mara ishirini. Nadhani ndicho kitu bora nilichoandika tangu kile kikombe. Na dada ataelewa. Kamati itasikia shukrani, dada atanisikia mimi. Miaka yote hii nimekosa mlango wa kuingilia, kumbe mlango ni wimbo!

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mume wangu kaniomba niache.

Jumatano, 13 Machi

Yeye kaenda mazoezini na karatasi, mimi nimebaki. Nimepika, nimeunguza, nimepika tena. Nimepanga kabati la dawa.

Karudi. Nikamwambia asivue koti, aseme kwanza. Kasema shemeji ameusoma ubeti wa pili akiwa amesimama. Ameusoma tena ameketi. Akaukunja mara mbili, akautia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akauimba wote kwa "aaa," bila neno hata moja, na mazoezi yakaendelea.

Ameutia mkobani! Mtu hatii mkobani kitu asichokitaka. Nikamuuliza mume wangu alikuwa na uso gani. Akasema uso wa kawaida, wa shemeji. Wanaume.

Nakwenda kulala nimefurahi.

Ijumaa, 15 Machi

Mama kapiga simu. Mama hupiga Jumapili. Ijumaa maana yake kuna jambo. Kaanza na miguu yake, kisha bei ya mkaa, kisha mbuzi wa jirani. Nikajua ni jambo kubwa.

Dada alikwenda kwake jana na ile karatasi. Mama kasomewa yote.

"Maneno mazuri, Kitinda," akasema. Ananiita Kitinda kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba wake, hata sasa nina miaka arobaini na mitatu. "Ila nieleze, maana mimi sijasoma sana. Aliyeingia kwa mwenziwe bila hodi ni nani?"

Nikasema, mimi.

"Na siku hiyo atakayesimama mbele za watu kusema 'nisamehe, niliingia bila hodi' ni nani?"

Mama akaningoja. Hana haraka, simu analipiwa na mimi.

Ni dada. Ni dada ndiye atakayesimama. Nimemkosea, nimemwandikia msamaha, halafu nimempa yeye auombe! Mbele ya watu mia tatu, kwa sauti ya juu kabisa, na nimemwekea na mahali pa kupumua.

Miaka kumi na tisa nahariri vitabu vya watu. Naona nukta iliyohama. Naona mtoto aliyenawa mkono mmoja kwenye picha. Hili sikuliona. Niliona ubeti ulivyopendeza, basi.

Nikamuuliza mama dada alisema nini. Kasema hakusema, alicheka. Alicheka vipi? Mama akasema: "Alicheka kama mtu aliyechoka." Nimelia kidogo. Kisha na mimi nikacheka, kwa sababu kwa kweli, mpumbavu wa namna hii hatengenezwi kila siku.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeamua kuandika barua. Ya kawaida, yenye bahasha.

Rasimu ya kwanza, kurasa sita. Ya pili, nne. Ya tano ina mfano wa mto; nimeichana. Ya nane ilianza vizuri sana, na ndiyo shida yenyewe — nilipofika katikati nikajikuta nahesabu mizani. Namwomba dada yangu msamaha huku nasikiliza kama sentensi inalia vizuri! Nimegundua kipimo: nikiona mstari umependeza, najua nimeshaanza kujisifu. Nafuta. Na nikifuta vyote vilivyopendeza hakibaki kitu, kinabaki "Dada."

Ya kumi na nne ina neno hilo tu.

Mume wangu kapita na kikapu cha nguo. Kasema, si uende tu? Nikamuuliza niende nikaseme nini. Akasema, kwani ukienda dukani huwa unaandika?

Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda.

Chumba cha mtangazaji kiko mwisho wa jukwaa namba moja, mlango wenye kioo, bango la kukataza wasiohusika. Nilisimama pale na mkoba wangu. Ndani: dada, glasi ya maji, daftari la ratiba, sweta lake la kijivu begani. Amekata nywele. Hakuna aliyeniambia kuwa amekata nywele.

Akainua macho. Tukatazamana kupitia kioo. Mimi nikafungua mdomo, na mdomo — unaolipwa kwa maneno! — haukutoa kitu. Nikapunga mkono. Kama mtoto anayesafirishwa.

Dada akavuta kipaza sauti. Akabonyeza kitufe. Stesheni nzima ikasikia, kwa ile sauti safi ya saa moja kasorobo: "Abiria wanaombwa wasisimame mbele ya mlango wa ofisi."

Watu wakageuka. Mlinzi akaja kunitoa kwa adabu, akiniita mama. Nikatoka nikiwa na aibu mpaka masikioni, na — niseme tu — na furaha. Kwa sababu hilo halikuandikwa na wakubwa wa reli. Hilo alilitunga yeye, papo hapo, kwa ajili yangu.

Mume wangu kacheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumatano, 20 Machi

Mazoezi ya mwisho kabla ya Jumamosi. Niliambiwa na mume wangu niwepo, maneno yakihitaji kurekebishwa. Benchi la nyuma tena, makoti tena.

Wakaimba ubeti wa kwanza. Sitausifia, nimeshajionya. Dada akashuka kutoka kule juu, kinanda kikaendelea kuelekea ubeti wa pili, naye akainua kiganja. Kinanda kikakoma. Akasema huu hauimbi.

Mume wangu akauliza kama ni i.

"Si i, shemeji. Maneno hayana kasoro. Ubeti huu una mwenyewe, basi auimbe mwenyewe."

Kwaya ikaanza kutazamana. Fundi bomba akajitazama hata yeye. Dada akageuka, akanitazama mimi, hakuhamisha macho. Vichwa thelathini na viwili vikafuata.

Nikasimama na koti la mtu begani. Mimi siimbi. Si unyenyekevu, shuleni mwalimu alinipanga nyuma akaniambia nichezeshe midomo tu, na hata hivyo nilivuruga. Nikasema haya yote. Wakacheka, na mimi nikacheka, nikadhani nimeponea hapo. Nikasema: lakini naweza kuusoma. Nitausoma kwa hisia, kinanda kikipiga taratibu —

"Kusoma nimeshakusikia," dada akasema. Akisema na mimi. Si na mtunzi, si kupitia kwa shemeji. "Nilikuwa mstari wa pili. Ulisoma vizuri sana, mdogo wangu. Watu walipiga makofi. Sasa imba."

Kwaya haikujua habari yetu, lakini walijua kuna jambo. Mume wangu akaangalia vidole vyake.

Nikasema sawa.

Nimetoka nje nikashika ukuta. Mdogo wangu, ameniita.

Alhamisi, 21 Machi

Somo la kwanza, jikoni, baada ya kazi. Mume wangu kanipa noti ya kuanzia. Nikairudisha. Akasema hiyo ni ya jirani yake, jaribu tena. Nikajaribu. Akasema sasa tumehama mtaa.

Jirani kaongeza redio.

Ajabu ni hii. Haya maneno nimeyatunga mwenyewe, nimeyasoma mara ishirini kwa raha zangu, na nikiyasoma nayamudu: najua pa kushusha sauti, pa kunyamaza, pa kumfanya mtu ameze mate. Nikiyaimba, hayo yote yananitoka. Sina ujanja wowote. "Niliingia kwako bila hodi" inatoka kama ilivyo — niliingia kwake bila hodi. Nilipofika kwenye "nikatoka na ulichoficha" nikaacha kuimba. Si noti. Nilikumbuka nguo tulizokuwa tunakunja, mashuka ya buluu, na jinsi alivyoangalia mlangoni kabla ya kuniambia.

Dada alijua. Mimi ndiye mwenye vitabu, lakini yeye ndiye aliyejua kuwa nikisoma huwa najificha.

Mume wangu kafunga kinanda. Kasema noti zangu ni mbaya lakini mara hii ameyaamini maneno. Sijui kama ni sifa. Kisha mama kapiga simu akaomba asikilizishwe. Nikaimba mistari miwili. Akasema: "Mungu ni mwema, Kitinda, kakupa mkono wa kuandika." Nikamsikia anacheka mbali na simu.

Ijumaa, 22 Machi

Sauti imekauka. Nanong'ona tu. Chumvi na maji ya moto, mara sita. Kazini wamefurahi, wamesema mwaka huu hatujapata Ijumaa tulivu kama hii.

Treni ya asubuhi ilichelewa. "Tunaomba radhi kwa kuchelewa," dada akasema, na safari hii nikayasikiliza hayo maneno. Anawaombea radhi watu wengine mara kumi kwa siku. Haki yake kabisa kusema ya kwangu nijiombee.

Jumamosi, 23 Machi

Niko maktaba, chumba cha nyuma, kati ya rafu za vitabu vinavyosubiri kushonwa. Mlango una upenyo wa kutosha jicho moja. Ukumbi umejaa, wengine wamekaa kwenye madirisha. Mkuu wa kamati ameshahutubia, na bado ana karatasi mkononi. Nimevaa gauni la kawaida.

Sauti imerudi, nusu. Hiyo nusu iliyorudi siyo ile nzuri.

Robo saa iliyopita dada kaingia humu. Sare ya kwaya, karatasi mkononi — ileile, ina mikunjo ya mkoba. Nilijipanga kusema. Nilikuwa na mwanzo kabisa, nilikuwa nimeutayarisha njiani. Akaniwahi: nisiseme chochote sasa, nitaharibu koo. Akaninyooshea kola. Akaniambia nikikosa noti nisisimame, niendelee, kwaya itanibeba.

Kisha akasema lingine. Akasema: "Usiwaimbie wao. Wao hukuwakosea. Ukitoka, wape mgongo, uniimbie mimi."

Nikamwuliza, kwa kunong'ona, na kamati je? Akasema kamati watauona mgongo wangu, si mbaya.

Sasa wameanza. Mume wangu amekaa kwenye kinanda, fundi bomba amefunga macho. Dada anaimba. Mtu anafungua kitabu asubuhi, vumbi linampiga puani — watu wanatabasamu, nawaona. Anapanda. Amefika kule juu na a yake. Hakuna anayekohoa.

Maisha yangu yote nimewageukia watu nikiwa na ukurasa mkononi. Leo nitatoka bila hata karatasi. Mikono haijui iende wapi, ndiyo maana imeshika kalamu na daftari hili.

Ubeti wa kwanza umekwisha. Dada amerudi hatua moja nyuma, ameacha nafasi katikati ya jukwaa, ya mtu mmoja. Ukumbi unangoja. Kinanda kinazunguka palepale, mapigo manne, kinarudi mwanzo. Mume wangu anatazama mlango huu. Naogopa. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote nilichokiandika.

Kinanda kimezunguka mara ya pili. Mtu mmoja mbele ameanza kuangalia saa. Dada hajanuna. Ameinua nyusi tu, vile alivyokuwa akiniinulia tukiitwa mezani na mimi bado natafuta kiatu.

Mara ya tatu sasa, na mimi bado naandika.